CHAKULA CHA MSAADA HAKINA MIGUU



Kila njaa inapoingia katika nchi yetu au katika nchi za jirani, maneno ya namna mbili husikika katika vikao vya wafanyi kazi. Wa kwanza husema, "Hiyo ni kazi ya Msalaba Mwekundu na Umoja wa Mataifa, sisi haituhusu." Wa pili husema, "Chakula cha bure huwafanya watu wavivu, afadhali kisije." Sisi tunaoandika haya twaona kwamba wote wawili wamekosea, na kosa lao lina hasara kwa wenye njaa na kwa wafanyi kazi pia. Twawaomba msome mpaka mwisho, maana mwishoni tuna shauri la kuleta mbele ya matawi, na shauri hilo si jepesi.

KAZI YENYEWE NI YETU

Na tuanze kwa hesabu. Katika msaada wa njaa mtu mmoja hupewa nafaka kama gramu 400 kwa siku, pamoja na maharagwe, mafuta na chumvi. Kwa siku 30 nafaka yake ni kilo 12. Basi watu 100,000 wanahitaji tani 1,200 za nafaka kwa mwezi mmoja tu. Hayo ni magunia 24,000 ya kilo 50. Gunia moja hutolewa melini, hupandishwa katika behewa, hushushwa na kutiwa katika lori, hushushwa tena na kuwekwa ghalani, kisha hutolewa ghalani siku ya kugawa. Hata tukihesabu kuinuliwa mara 5 tu, ni mara 120,000 mtu kuweka gunia begani au mkono wake kuliongoza mashine. Na hiyo ni nafaka tu, na ni mwezi mmoja tu, na ni kambi moja tu.

Nani anafanya kazi hiyo? Ni kuli wa bandarini, karani anayehesabu magunia, dereva wa treni, watu wa gengi wanaotazama njia na mataruma, dereva wa lori na taniboi wake, na askari wa ghala. Katika magazeti tunaona picha ya mtoto aliyekonda na picha ya bwana mkubwa aliyeshuka katika ndege. Watu walio katikati ya picha hizo mbili hawaonekani. Chakula cha msaada hakina miguu. Miguu yake ni sisi. Kwa hivyo asiseme mtu kwamba jambo hili halituhusu.

NJAA HUPIGA HODI KABLA YA KUINGIA

Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za Yusufu katika nchi ya Misri. Wengi hukumbuka ndoto ya Farao na ng'ombe waliokonda. Lakini fundisho kubwa liko katika ghala. Yusufu aliweka akiba katika miaka ya shibe, wala hakungoja mpaka watu waanze kuanguka njiani. Kazi ya msaada ina ugonjwa mmoja wa zamani, nao ni kwamba fedha hufuata picha za maiti badala ya kufuata habari za mvua.

Tazameni mwaka 1984. Mvua ya masika ilikosekana katika sehemu kubwa za Kenya. Serikali ilinunua mahindi ya manjano ng'ambo mapema, yakaja Mombasa, yakapanda bara kwa treni na malori, na sehemu kubwa ikauzwa katika maduka kwa njia ya kawaida ya biashara. Watu walinung'unika juu ya rangi na ladha ya unga ule, na Wakamba wakaupa mwaka huo jina la kuonyesha kwamba mtu alikuwa na fedha mkononi na njaa tumboni. Mifugo wengi walikufa. Lakini watu hawakufa kwa malaki. Mwaka huo huo Ethiopia ilipata ukame pia, tena ina vita kaskazini. Mwezi wa Septemba 1984 wakubwa wa nchi ile walikuwa wakifanya sherehe ya miaka 10 ya mapinduzi yao, na habari za njaa zikafunikwa. Dunia iliamka mwezi wa Oktoba, baada ya picha za Korem kuonyeshwa katika televisheni ya BBC. Tamasha kubwa la muziki la kuchanga fedha likafanywa tarehe 13 Julai 1985. Mamia ya maelfu ya watu walikufa katika njaa ile. Ukame ulifika kote kuwili. Tofauti ilikuwa vita, siri, na tarehe ya kuagiza chakula.

Tena tazameni Somalia. Wataalamu wa hali ya hewa na chakula walianza kutoa onyo katika mwaka 2010, wakarudia tena na tena. Umoja wa Mataifa ulitangaza rasmi njaa kuu tarehe 20 Julai 2011. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu kama 258,000 walikufa, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa siku lile neno lilipotangazwa. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hata ukuta haukujengwa. Yalichimbwa makaburi.

NJIA IKIFUNGWA, FEDHA HAZILIWI

Shida ya pili ni njia. Mwaka 1961 Ukambani kulikuwa na njaa, kisha mwisho wa mwaka mafuriko yakaharibu barabara, hata chakula kikaangushwa kwa ndege za jeshi la anga la Uingereza. Wakamba wakaiita njaa ile kwa jina la ndege, Yua ya Ndeke. Mtu akisikia jina hilo aweza kudhani ilikuwa baraka kubwa. Lakini ndege ni gari la mwisho, la mtu aliyekosa njia nyingine. Hubeba kidogo kwa gharama kubwa, na treni moja ya mizigo hubeba mzigo wa ndege nyingi sana. Tangu mwaka 1989 ndege za msaada wa Sudan Kusini zilikuwa zikiruka kutoka Lokichoggio, katika Turkana, miaka na miaka, kwa sababu vita ilizifunga barabara. Waturkana wenyewe, wenye nchi ile, waliziona zikipita juu ya vichwa vyao na wao mara nyingi wana njaa chini.

Ethiopia katika 1984 na 1985 ilijifunza jambo lile lile kwa upande wa bandari. Meli zilifika Assab, lakini malori hayakutosha, na chakula kikalala bandarini wakati watu wanakufa milimani. Na sisi wenyewe tuliona yetu katika Januari 2008, wakati wa machafuko baada ya uchaguzi. Reli iling'olewa pale Kibera. Madereva wa malori waliogopa kwenda Nakuru na Eldoret kwa sababu ya vizuizi vya barabarani, ambapo mtu aliulizwa kabila lake kabla ya kuulizwa mzigo wake. Chakula cha msaada kilikwama Mombasa, na Uganda ikakosa mafuta. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na malaki walikimbia nyumba zao wakalala katika viwanja vya maonyesho na makanisa. Msalaba Mwekundu wa Kenya ulifanya kazi kubwa sana siku hizo. Lakini hata Msalaba Mwekundu hauwezi kupitisha gunia mahali ambapo taruma limeng'olewa.

Basi tunaposikia watu wa siasa wakiwaambia vijana wang'oe reli, tujue kwamba wanamfungia chakula mtu ambaye hawamjui, pengine ndugu yao wenyewe.

CHAKULA HIKI NI CHA NANI?

Shida ya tatu ni ya uchungu kidogo kwa watu wa vyama kama sisi, na ndiyo maana hatutaki kuiruka.

Mwaka 1954 Marekani ilipitisha sheria ya kutoa mazao yake yaliyozidi yapelekwe nchi zenye uhitaji. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria nyingine kwamba angalau nusu ya mizigo ya serikali ya namna hiyo ichukuliwe na meli za bendera ya Marekani. Mwaka 1985 nusu hiyo iliongezwa kwa chakula cha msaada ikawa robo tatu, na mwaka 2012 ikarudishwa nusu. Meli hizo ni ghali kuliko nyingine. Kwa hivyo sehemu kubwa ya fedha iliyotolewa kwa jina la mwenye njaa ililipwa kwa wenye meli, na gunia likachukua miezi kufika. Watetezi wa sheria hiyo walikuwa wakulima wakubwa, wenye meli, na vyama vya mabaharia pia.

Mabaharia hao ni wafanyi kazi wenzetu. Hatuwatukani, kwa maana walikuwa wakilinda kazi zao. Lakini lazima tuulize: msaada ukipangwa ili kumshibisha mchukuzi kwanza, je, bado ni msaada? Mwaka 2007 shirika la CARE lilikataa kuendelea kupokea chakula cha Marekani cha kuuzwa katika masoko ya Afrika ili kupata fedha za kazi zake, ingawa kilikuwa na thamani ya mamilioni ya dola kwa mwaka. Liliona kwamba mauzo hayo yanaweza kumvunja mkulima mdogo, ambaye mwaka unaofuata angekuja kusimama katika mstari wa msaada.

Sasa tugeuze swali hilo kwetu. Siku hizi mara nyingi mwenye njaa hupewa fedha badala ya gunia. Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera zimekuwa na mpango wa serikali wa kuwapa maskini fedha tangu miaka ya 2008 na 2009. Huko Kakuma, tangu mwaka 2015, wakimbizi walianza kupewa sehemu ya mgao wao kwa simu, wakanunue katika maduka ya kambini. Panapokuwa na chakula sokoni, fedha hufika upesi, mkulima wa karibu huuza mahindi yake, na mama huchagua anachotaka kupika. Pale ambapo soko limekauka au limefungwa na vita, fedha haziliwi na gunia ndilo dawa.

Lakini kila gunia lisilopandishwa behewa ni kazi inayopungua kwetu. Je, tutafanya kama wale mabaharia? Twasema hapana. Sisi hatukuunda chama ili njaa ya mwingine iwe riziki yetu. Fedha zikifaa, ziende fedha. Gunia likifaa, liende gunia, na lipite katika mikono yetu kwa mshahara wa haki. Tukisema vinginevyo tutakuwa hatuna kinywa cha kumlaumu mtu wa meli wala tajiri wa mahindi.

WIZI WA MGAO

Shida ya nne ni wizi, nao hauna kabila wala rangi. Tena si jambo jipya. Katika Matendo ya Mitume tunasoma kwamba hata kanisa la kwanza lilikuwa na manung'uniko, kwamba wajane wa upande mmoja wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakufunga ghala. Walichagua watu 7 wenye sifa njema waangalie kazi ile.

Lakini mwaka 2023 ilifanywaje? Katika Ethiopia iligunduliwa kwamba chakula cha msaada kinaibwa kwa wingi, kwanza katika Tigray. Shirika la Marekani la USAID na Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa, WFP, yakasimamisha chakula Tigray, na mwezi wa Juni yakasimamisha nchi nzima. Mamilioni walikaa miezi bila mgao. Mwizi alikuwa amekwisha kuuza magunia yake, na aliyeadhibiwa ni yule aliyeibiwa. Hatusemi wizi uachwe. Twasema mwenye njaa asiwe ndiye mtu wa kufungwa kwa kosa la mwenye ghala.

Na nani anaweza kumwona mwizi mapema? Si mkaguzi anayekuja kwa ndege mara moja kwa mwaka. Ni karani aliyehesabu magunia 800 akaambiwa atie sahihi 840. Ni dereva aliyeamriwa apitie njia ya pembeni usiku. Hawa wanajua. Lakini karani ni kibarua wa siku, na akikataa kutia sahihi, kesho jina lake halimo katika orodha. Mtu ambaye kazi yake yaweza kukatwa jioni hawezi kulinda ghala asubuhi. Kwa hivyo ulinzi wa chakula na ulinzi wa mfanyi kazi ni jambo moja.

WANAOKUFA NA WANAOLIPWA

Shida ya tano ni hatari. Tarehe 19 Agosti 2003 bomu liliangusha jengo la Umoja wa Mataifa katika Baghdad na kuua watu 22, akiwamo mkubwa wao, Sergio Vieira de Mello. Ndiyo sababu tarehe hiyo hukumbukwa kila mwaka kwa ajili ya watu wa kazi za msaada. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2024 watu 383 wa kazi hizo waliuawa duniani, na idadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka wowote kabla yake. Karibu nusu walikufa Gaza. Na walio wengi sana kati ya hao 383 walikuwa wenyeji wa nchi zenye vita, si wageni. Ni madereva, wauguzi, walinzi, na wagawaji.

Mgeni akisikia risasi, hutumiwa ndege imwondoe. Mwenyeji huachiwa funguo za ghala. Twajua dereva wa lori akitoka Mombasa kwenda Juba mara nyingi huwa si mtu wa shirika la msaada. Ni mtu wa tajiri wa malori aliyepewa mkataba, na tajiri naye pengine amempa mwingine. Akipigwa risasi njiani, shirika husema si mtu wetu, na tajiri husema hakuwa na barua. Sheria yetu ya mwaka 2007 juu ya fidia ya kuumia kazini yamtaka mwajiri awakatie wafanyi kazi wake bima. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja au zaidi asihesabiwe tena kuwa kibarua wa siku. Wanachama wengi hawalijui jambo hili, na wako waajiri wanaofurahi kwamba hatulijui. Shikeni tarehe zenu za kazi kwa maandishi.

Tena tusimsahau mkimbizi mwenyewe. Katika Dadaab iliyofunguliwa mwaka 1991, na Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, maelfu ya wakimbizi hufundisha shule, huhudumia wagonjwa na kugawa chakula. Malipo yao huitwa posho ya kuwatia moyo badala ya mshahara, nayo ni ndogo sana kuliko mshahara wa Mkenya anayefanya kazi ile ile. Sheria mpya ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilifungua mlango wa kufanya kazi, lakini mlango ule ni mwembamba. Wazee wetu wa vyama walipigana sana na mwajiri kwa ajili ya neno hili, kwamba watu wenye kazi moja wasilipwe kwa mizani mbili. Hatuwezi kulisahau kwa sababu aliye katika mizani ndogo ni Msomali au Msudani.

Wakubwa wa misaada walikutana Istanbul mwaka 2016, wakaahidi kwamba kufikia mwaka 2020 robo ya fedha za msaada itapita moja kwa moja kadiri iwezekanavyo kwa vyama vya wenyeji. Mwaka 2020 ulifika na robo haikufika.

MLANGO UMEFUNGWA, TUFANYEJE?

Katika Januari 2025 serikali ya Marekani, iliyokuwa mtoaji mkubwa kuliko wote, ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Mwezi huo huo ilijulikana kwamba karibu tani 500 za biskuti za msaada, zilizokuwa zimelala katika ghala la Dubai, zimepita tarehe yake na zitaharibiwa. Mtu alilima ngano ile, mwingine akaoka, mwingine akapakia melini, na mwisho wake ni moto. Huko Kakuma mgao ulipunguzwa sana, na mwezi wa Machi 2025 wakimbizi waliandamana kwa sababu ya njaa. Huko nako Wakenya wengi walioajiriwa katika kazi za msaada walipata barua za kuachishwa kwa siku chache tu.

Wako wanaosema, "Vyema, sasa tutajitegemea." Maneno hayo ni mazuri. Lakini kujitegemea hakuji kwa kunyang'anywa sahani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mnyime chakula siku ya kwanza. Na yule anayesema mwenye njaa ni mvivu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mchungaji wa Turkana aliyetembea siku 3 kutafuta maji, akazika ng'ombe wake wote njiani, hana uvivu wa kufundishwa na mtu aliyekaa mezani.

Tulikwisha kuonyesha kwamba twaweza. Katika Julai 2011 Msalaba Mwekundu wa Kenya pamoja na makampuni na magazeti ulianzisha mchango ulioitwa Kenyans for Kenya. Waliomba shilingi milioni 500 katika wiki 4, na zikapita hapo. Watu walituma hata shilingi 10 kwa simu. Vibarua walituma. Hakuna aliyengoja televisheni ya ng'ambo.

SHAURI LETU KWA MATAWI

Sasa twafika penye jambo gumu. Je, tukiwa katika mgomo, mzigo wa njaa upite au usipite?

Wako wenzetu wasemao usipite. Wasema mgomo ni ukuta, ukitoa tofali moja wote huanguka. Wasema mwajiri ataandika "msaada" juu ya kila behewa, hata la saruji. Twawaheshimu, na hofu yao si ya bure. Lakini twasema upite, na sababu ni hii. Katika vita ya Biafra, 1967 mpaka 1970, njaa ilitumiwa kama silaha, na dunia iliona watoto wake. Baada ya hapo, mwaka 1977, mapatano ya Geneva yaliongezwa neno kwamba ni marufuku kuwaua raia kwa njaa katika vita. Mwaka 2018 Baraza la Usalama lilirudia neno hilo katika azimio lake la 2417. Sisi tukimlaumu mwenye bunduki anayezuia lori la unga kizuizini, hatuwezi kulizuia behewa la unga pale Changamwe na kusema yetu ni tofauti. Mgomo wetu ni juu ya mwajiri. Mtoto wa Wajir hakutunyima nyongeza ya mshahara.

Lakini huruma yetu isifanywe mjeledi wa kutupiga. Kwa hivyo twaleta mambo haya 5, yajadiliwe katika kila tawi:

1. Mzigo wa njaa upite wakati wote, hata katika mgomo, baada ya halmashauri ya tawi kuona karatasi za mzigo na kuandika namba ya kila behewa. Likipatikana behewa la mzigo mwingine kati yao, ruhusa yafutwa siku hiyo hiyo, na habari itangazwe katika karatasi hii.

2. Kazi ya mzigo wa njaa ilipwe mshahara kamili wa mapatano, na saa za zaidi zilipwe. Anayetaka kutoa mshahara wake wa siku kuwa mchango, atoe mwenyewe kwa mkono wake. Asikatwe na mwajiri kwa jina la huruma.

3. Chama kidai kwamba shirika lolote linalotoa mkataba wa kuchukua msaada liandike ndani yake bima ya dereva, taniboi na mpakizi, hata kama tajiri amempa mwingine kazi ile. Pasipo bima, mzigo usitoke getini.

4. Karani au mpakizi akitoa habari ya wizi wa mgao, chama kimsimamie kama tunavyomsimamia aliyeumia kazini. Asiachwe peke yake mbele ya mwenye ghala.

5. Kila tawi liwe na mfuko mdogo wa dhiki, uwekwe wakati wa mshahara mzuri, wala tusingoje picha. Hesabu zake zisomwe hadharani kila miezi 3. Tuchague watu wenye sifa njema, kama wale 7.

Twajua jambo la 1 litaleta ubishi. Ubishi na uje, lakini uje mkutanini, usiishie kilabuni. Anayepinga alete njia iliyo bora kuliko hii, nasi tutamsikiliza. Tusilotaka ni mtu kunyamaza sasa, kisha siku ya mgomo, mabehewa yamesimama na unga ndani, tuanze kuulizana nini tulichokubaliana.

Mvua hukosekana tena, hilo halina shaka. Siku itakapokosekana, magunia yatahitaji mabega, na mabega ni haya yetu. Tuyatoe kwa akili, kwa malipo ya haki, na kwa moyo.

Wenzenu katika kazi,

WAFANYI KAZI WA RELI